Tope la Theluji: Hatari Iliyopo Kati ya Barafu na Maji

Mtu aliyezaliwa na kukulia katika nchi za joto akisikia kwamba ndege imepata ajali kwa sababu ya theluji, mara moja hufikiri juu ya dhoruba kali, upepo uvumao kwa ghadhabu na weupe unaomziba rubani macho. Mambo hayo yapo katika nchi za kaskazini, na yameua watu. Hata hivyo, ziko ajali za majira ya baridi ambazo hazitokei angani. Hutokea chini, juu ya njia ya kurukia, wakati ndege inajaribu kuondoka au kusimama, na mara nyingi chanzo chake ni tabaka la theluji au barafu lisilofikia unene wa kidole cha mtu.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba baridi kali siyo adui mkubwa kuliko wote. Theluji iliyoganda sawasawa kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ya Sentigredi inaweza kuwa njia nzuri ya kutulia. Hatari huwa kubwa zaidi pale halijoto inapokaribia nyuzi sifuri, yaani pale maji yanapokuwa hayajaamua kuwa barafu au kuwa maji. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo yako hivyo, kwa nini ndege ndogo huathirika kwa namna yake, na jinsi mafunzo yaliyopatikana katika nchi za theluji yanavyozihusu pia nchi za mvua.

Sura mbalimbali za theluji

Lugha ya Kiswahili ina neno moja tu la theluji, kwa sababu wasemaji wake wengi huiona kwa mbali tu, juu ya kilele cha Kilimanjaro au cha mlima Kenya. Kwa rubani wa Kanada, Alaska au Urusi neno moja halitoshi. Lazima ajue ni theluji ya namna gani iliyolala mbele yake.

Kwanza, ipo theluji kavu. Hii huanguka wakati wa baridi kali, nayo ni nyepesi kama pamba. Mtu akiifumbata mkononi haishikamani. Pili, ipo theluji yenye unyevu, ambayo ukiifinyanga hufanya donge. Tatu, ipo theluji iliyoshindiliwa na magurudumu mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Nne, ipo barafu yenyewe, ambayo huweza kuwa kavu au kuwa na utando wa maji juu yake. Tano, ipo theluji iliyolowa maji kabisa, nusu imeyeyuka na nusu haijayeyuka. Mtu akiikanyaga kwa kishindo hurukia pembeni kama matope ya shambani wakati wa masika. Hiyo ndiyo itakayoitwa hapa tope la theluji.

Tofauti hizo si za majina tu. Mita moja ya ujazo ya theluji kavu haifiki theluthi moja hivi ya uzito wa maji ya ujazo huohuo. Tope la theluji, kinyume chake, huweza kufikia uzito wa kilo 800 kwa mita moja ya ujazo, yaani karibu sawa na maji yenyewe. Kwa hiyo sentimita mbili za theluji kavu na sentimita mbili za tope la theluji ni vitu viwili tofauti kabisa kwa ndege inayokimbia, ingawa kwa macho ya mtu aliye mbali vyote ni weupe mmoja.

Mwizi wa mwendo

Ndege haiwezi kuinuka mpaka ipate kasi ya kutosha ili hewa ipitayo juu na chini ya mabawa iweze kuibeba. Kasi hiyo hupatikana kwa kukimbia juu ya njia ya kurukia. Kila kitu kinachoyazuia magurudumu hurefusha safari hiyo, na njia ya kurukia ina mwisho.

Hebu ichukuliwe ndege ndogo ya magurudumu matatu, kila tairi likiwa na upana wa sentimita 15, ikikimbia kwa kilometa 100 kwa saa ndani ya tope la theluji lenye kina cha sentimita mbili. Katika sekunde moja ndege hiyo huenda karibu mita 28. Tairi likigusa chini barabara, basi katika sekunde hiyo kila gurudumu hulazimika kusukuma pembeni tope lenye uzito wa kilo 66 hivi. Kwa magurudumu yote matatu ni karibu kilo 200 kila sekunde. Ni kana kwamba njiani wamepanga magunia mawili ya mahindi kila baada ya mita 28, na ndege yalazimika kuyarusha yote kando huku ikijaribu kuongeza mwendo.

Tena, kadiri ndege inavyokimbia ndivyo kizuizi kinavyokua, wala hakikui kwa kiasi kilekile cha mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, tope linalosukumwa kila sekunde huzidi mara mbili, na kila kilo ya tope hilo husukumwa kwa kasi iliyozidi mara mbili vilevile. Kwa hiyo kani ya kuzuia huzidi mara nne. Rubani anaweza kuona ndege yake inaanza vizuri, mwendo unapanda kama kawaida, kisha mshale unakwama katikati ya njia, pale ambapo nafasi ya kusimama inazidi kupungua. Kwa sababu hiyo ndege nyingi za abiria zimewekewa kikomo cha milimita 13 hivi za tope la theluji. Likizidi hapo, haziruhusiwi kuondoka.

Yaliyotokea Munich

Dunia ilijifunza jambo hili kwa machozi. Tarehe 6 Februari 1958 ndege ya rafadha mbili aina ya Airspeed Ambassador, mali ya shirika la BEA la Uingereza, ilitua Munich, Ujerumani ya Magharibi, ili kutia mafuta. Ilikuwa imetoka Belgrade, nayo ilikuwa na watu 44, wakiwamo wachezaji wa kandanda wa Manchester United. Theluji ilikuwa ikianguka na halijoto ilikuwa karibu na sifuri, hivyo theluji iliyofika chini ilikuwa ikiyeyuka nusu nusu.

Marubani, James Thain na Kenneth Rayment, walijaribu kuondoka mara mbili wakaacha, kwa sababu mlio na nguvu za injini havikuwa sawa. Mara ya tatu waliendelea. Ndege ilifika mwendo wa noti 117, yaani kilometa 217 hivi kwa saa. Huo ulikuwa ndio mwendo wa kukata shauri: rubani akiisha kuupita hana tena nafasi ya kusimama, bali hana budi kuruka. Ili kuinuka zilihitajika noti 119. Badala ya kupanda, mshale wa mwendo ulianza kurudi nyuma mpaka noti 105. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikavunja ua, bawa moja likagonga nyumba, na sehemu ya nyuma ikagonga kibanda kilichokuwa na lori na mafuta. Watu 23 walipoteza maisha.

Uchunguzi wa Kijerumani ulisema kwamba chanzo kilikuwa barafu juu ya mabawa, na kwamba rubani Thain ndiye aliyekuwa na kosa kwa kutoyasafisha. Lakini mabawa hayo yalikaguliwa saa kadhaa baada ya ajali, wakati theluji ilikuwa imeendelea kuanguka juu ya mabaki. Swali moja halikupata jibu la kuridhisha: barafu juu ya mabawa huizuia ndege isiinuke, lakini je, yaweza kuirudisha nyuma kwa noti 12 ikiwa bado iko chini, injini zikivuma kwa nguvu zote?

Jibu lilipatikana chini ya magurudumu. Katika majaribio yake mawili ya kwanza ndege ilikuwa imetumia sehemu ya mwanzo ya njia tu. Kule mbele, tope la theluji lilikuwa bado limelala bila kuguswa. Ndege ilipolifikia ikiwa katika mwendo mkubwa, ilikuwa kama mtu anayekimbia ufukweni akaingia ghafla katika maji yafikayo magotini. Taarifa ya tume ya Uingereza iliyotolewa mwaka 1969 ilikubali kwamba tope hilo ndilo lililosababisha ajali, ikamwondolea Thain lawama. Ilikuwa imepita miaka 11. Thain alikuwa amekwisha kuachishwa kazi na shirika lake, akawa anafuga kuku. Alifariki mwaka 1975.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba elimu ya theluji si jambo la wataalamu wa maabara peke yao. Pale ambapo tabia ya tope la theluji haikueleweka vizuri, watu walikufa, na mtu mmoja akabeba lawama za maumbile kwa zaidi ya miaka kumi.

Tairi linapoelea

Adui wa pili hujitokeza hasa wakati wa kutua. Dereva yeyote aliyewahi kuendesha gari katika mvua kubwa hujua jinsi usukani unavyoweza kuwa mwepesi ghafla, kana kwamba magurudumu hayagusi barabara. Kwa kweli hayaigusi. Mwendo ukiwa mkubwa, maji hukosa muda wa kukimbilia pembeni. Hujikusanya mbele ya tairi kama kabari, yakaliinua. Tairi huelea, breki hazina la kushika, na usukani haugeuzi kitu.

Mwaka 1963 wataalamu wawili wa shirika la Marekani la NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hilo. Waliona kwamba, kina cha maji kikiwa cha kutosha, mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea zaidi mkandamizo wa hewa ndani ya tairi kuliko uzito wa ndege. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mkandamizo wa tairi kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba, tafuta kipeo chake cha pili, kisha zidisha kwa 63. Jibu ni mwendo kwa kilometa kwa saa.

Ndege kubwa ya abiria, ambayo matairi yake yana mkandamizo wa kilo 14, huanza kuelea ifikapo kilometa 236 kwa saa. Ndege ndogo ya injini moja, ambayo matairi yake yana mkandamizo wa kilo mbili tu, huanza kuelea ifikapo kilometa 90 hivi kwa saa. Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba ndege ndogo, kwa kuwa ni nyepesi na yaenda polepole, haina haja ya kuhofia jambo hili. Lakini mwendo wa kilometa 90 uko karibu sana na ule ambao ndege ndogo nyingi hugusa nao ardhi. Kwa hiyo rubani wake anaweza kutua akielea tangu mguso wa kwanza, mradi tope au maji yawe na kina cha kutosha. Hata kukanyaga breki kwa nguvu hakufai, kwa kuwa gurudumu lililofungwa huendelea kuteleza hata baada ya mwendo kupungua.

Hesabu ya kusimama

Msuguano ndio unaoisimamisha ndege, na msuguano hubadilika sana kulingana na kilichopo juu ya njia. Tuseme ndege ndogo imetua kwa kilometa 100 kwa saa na rubani anategemea breki tu, bila kuhesabu msaada wa upepo wa mbele wala ukinzani wa hewa. Ikiwa breki zinaweza kutoa kani ya msuguano iliyo sawa na sehemu 4 kwa 10 za uzito wa ndege, kama inavyowezekana juu ya lami kavu, itasimama baada ya mita 98. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, ambapo msuguano unaweza kupungua hadi sehemu 2 kwa 10, itahitaji mita 197. Juu ya barafu yenye maji, msuguano ukishuka hadi sehemu moja kwa 20, itahitaji karibu mita 790. Ndege ni ileile, rubani ni yuleyule, breki ni zilezile. Umbali umezidi mara nane.

Hapa tena halijoto ndiyo yenye neno la mwisho. Barafu ya baridi kali ni kavu na ina ukwaruzo kidogo. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka hujivika utando mwembamba wa maji, nao hufanya kazi kama grisi kati ya tairi na barafu. Jua la asubuhi likichomoza, njia iliyokuwa inafaa saa mbili huenda isifae tena saa nne, ingawa kwa macho haijabadilika.

Ndege ndogo ina taabu nyingine pia, nayo ni upepo wa ubavu. Mkia wa ndege ni kama bendera: upepo ukiusukuma, pua hugeuka kuelekea upande upepo utokako. Juu ya lami kavu matairi hukataa kugeuzwa. Juu ya barafu hayana uwezo wa kukataa, na kwa kuwa ndege ni nyepesi, upepo wa kawaida tu waweza kuitupa kando ya njia. Na kando ya njia katika majira ya baridi hakuna majani laini. Kuna matuta ya theluji yaliyoachwa na magari ya kusafishia, ambayo usiku huganda yakawa magumu kama ukuta. Bawa la ndege ndogo liko karibu na ardhi, gurudumu lake la mbele ni dhaifu, na rafadha inazunguka karibu na lami. Kugusa tuta hilo huweza kuvunja vyote vitatu kwa pamoja.

Bawa lenye jalidi

Isidhaniwe kwamba magurudumu ndiyo pekee yanayoathirika. Ndege iliyolala nje usiku wa baridi huamka ikiwa imefunikwa na umande ulioganda, yaani jalidi. Tabaka hilo huwa jembamba kama msasa, na ukali wake ni kama wa msasa vilevile. Kwa kuwa uzito wake ni mdogo, huonekana halina madhara. Lakini hewa hulibeba bawa kwa sababu inapita juu yake kwa ulaini. Ikikutana na ukwaruzo huvurugika na kubanduka mapema. Jalidi au barafu yenye ukwaruzo kama wa msasa wa kati au mkali, ikiwa mbele na juu ya bawa, inaweza kupunguza kani ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40.

Tarehe 4 Januari 2002 ndege ndogo ya jeti aina ya Challenger 604 ilikuwa ikiondoka Birmingham, Uingereza, baada ya kulala nje usiku wa baridi kali. Asubuhi hiyo ndege nyingine zilisafishwa mabawa, hiyo haikusafishwa. Mara tu magurudumu yalipoacha ardhi, ndege ililalia upande wa kushoto, ncha ya bawa ikagusa njia ya kurukia, ikapinduka na kuwaka moto. Watu wote watano waliokuwamo walikufa. Wachunguzi waliona kwamba jalidi juu ya mabawa ndiyo iliyosababisha bawa moja kukosa nguvu ya kuinua kabla ya lingine. Ndege ilikuwa mpya na injini zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni dakika chache za kusafisha.

Msafishaji anapogeuka kizuizi

Njia ya kurukia haijisafishi. Viwanja vya kaskazini hutumia magari yenye sepeto kubwa, mafagio ya waya na dawa za kuyeyusha barafu. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini nayo huleta hatari yake, kwa maana gari huwa limeingia mahali ambapo ndege itapita. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, katika uwanja wa Vnukovo, Moscow, ndege ndogo ya jeti aina ya Falcon 50 iliyokuwa ikiondoka iligonga gari la kuondolea theluji lililokuwa juu ya njia ya kurukia. Watu wanne waliokuwamo walikufa, akiwamo Christophe de Margerie, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Total ya Ufaransa. Katika ajali ya namna hii hakuna sheria ya fizikia iliyofichika. Kuna mawasiliano tu kati ya mwendesha gari, mwongoza ndege na rubani, na mawasiliano hayo yakikatika, elimu yote iliyobaki haisaidii.

Lugha moja kwa marubani wote

Kwa miaka mingi tatizo kubwa lilikuwa la maneno. Rubani mmoja akitua husema kwamba breki zinashika "wastani". Mwingine, mwenye ndege ya namna nyingine, husema "vibaya". Na anayekuja nyuma hajui amwamini nani. Tarehe 8 Desemba 2005 ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ilitua katika theluji kwenye uwanja wa Midway, Chicago, huku ikisukumwa na upepo kutoka nyuma. Taarifa za breki walizopewa marubani zilikuwa zikitofautiana. Ndege ilishindwa kusimama, ikavunja ua na kuingia barabarani, ikaligonga gari ambamo mtoto wa miaka sita alipoteza maisha.

Baada ya ajali hiyo wataalamu wa Marekani walianza kutengeneza utaratibu mpya wa kutoa taarifa, na baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka utaratibu wa namna hiyo kwa dunia nzima kuanzia tarehe 4 Novemba 2021. Njia ya kurukia hugawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu hupewa namba kutoka 6 hadi 0. Namba 6 ni njia kavu. Namba 5 ni njia yenye unyevu, au yenye jalidi, au yenye theluji au tope lisilozidi milimita tatu. Namba 4 ni theluji iliyoshindiliwa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Theluji hiyohiyo iliyoshindiliwa, baridi ikiwa haijafikia kiwango hicho, hushuka kuwa namba 3. Tope la theluji linalozidi milimita tatu ni namba 2. Barafu ni namba 1. Barafu yenye maji juu yake ni 0, maana yake ndege zisitue wala kuruka mpaka hali ibadilike.

Msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini ataona mambo mawili. La kwanza ni kwamba baridi kali inapanda juu na hali ya kuyeyuka inashuka chini, kama ilivyoelezwa mwanzoni. La pili ni kwamba mpaka kati ya hali njema na hali mbaya umewekwa kwenye milimita tatu tu, unene wa sarafu mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine.

Wajibu wa rubani wa ndege ndogo

Viwanja vikubwa vina wakaguzi na vyombo. Viwanja vidogo vingi havina, na huko ndiko ndege ndogo zinakofanyia kazi, zikipeleka barua, wagonjwa na chakula katika vijiji visivyo na barabara. Huko rubani ndiye mkaguzi. Desturi njema zilizozoeleka ni hizi: kutembea kwa miguu juu ya njia kabla ya kuondoka na kupima kina cha tope mahali mbalimbali, siyo mwanzoni tu, kuyapapasa mabawa kwa mkono, kwa sababu jicho hudanganywa na barafu isiyo na rangi, na kuondoa vifuniko vya magurudumu, ambavyo hujaa tope na kuganda angani, hata ndege ikatua na magurudumu yasiyozunguka. Tena, rubani huchagua mapema alama fulani kando ya njia, akaazimia kwamba ndege isipokuwa imepata mwendo unaotakiwa ifikapo hapo, ataacha bila kubishana na nafsi yake.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa halitegemei vyombo. Abiria wanangoja, giza linaingia, na sentimita mbili za tope hazimwogopeshi mtu.

Funzo kwa nchi za mvua

Inaweza kuulizwa: elimu hii inawafaa nini watu wa Afrika Mashariki, ambako hakuna uwanja wa ndege unaopata theluji? Jibu limo katika orodha ileile ya namba. Pale penye namba 2, pamoja na tope la theluji, yametajwa pia maji yaliyotuama kwa kina kinachozidi milimita tatu. Kwa tairi la ndege, dimbwi lililoachwa na mvua ya masika juu ya lami na tope la theluji la Munich ni ndugu. Yote mawili huiba mwendo, yote mawili huinua gurudumu, na hesabu ya Horne na Dreher haiulizi kama maji hayo yalianguka yakiwa matone au yakiwa theluji. Hali kadhalika njia za udongo na za majani zinazotumiwa na ndege ndogo katika mbuga na vijiji: mvua ikizilowesha, gurudumu huzama na breki huteleza kwa pamoja.

Kwa hiyo anayepima kina cha maji kwa rula juu ya njia ya kurukia baada ya mvua hafanyi kazi ya kitoto. Milimita anazozisoma ndizo zitakazomwambia rubani kama njia aliyonayo inamtosha.